Makatambuga ya Fundi Anselmo

Anselmo Chilumba aliogopa umeme, na kazi yake ilikuwa umeme. Ukitaka kucheka, cheka. Wenzake wa karakana ya Chang'ombe walikutangulia miaka mingi, wakampa na jina kabisa, Fundi Woga, na mwenyewe akaliitikia bila kununa. Lakini mtu kuwa mwoga si kuwa mjinga, na Anselmo alikuwa na sababu zake.

Ujanani, kabla ya Uhuru, alifanya kazi kwenye shamba la mkonge karibu na Lindi. Alikuwa na mwenzake, Gregori, kijana wa kwao Ndanda, aliyetoka naye nyumbani siku moja na kulala naye chumba kimoja. Asubuhi moja Gregori alishika waya uliokuwa ukining'inia kando ya mashine ya kuchakata mkonge. Hakupiga kelele, na hilo ndilo Anselmo hakulisahau maisha yake yote. Mdomo ulikuwa wazi, macho yanamtazama, mkono umeufumbata waya, na sauti haitoki. Anselmo alidhani ni mzaha, akacheka. Alipoacha kucheka, Gregori alikuwa ameshakufa.

Msimamizi wa mashine, mzee mkali asiyependa maneno mengi, alimwita baada ya mazishi akamfundisha jambo moja. Chuma usichokijua usikiguse kwa kiganja. Kiguse kwa mgongo wa mkono. Umeme ukiwamo, vidole hujikunja. Ukigusa kwa mgongo, mkono utaruka pembeni na wewe utapona. Ukigusa kwa kiganja, vidole vitakamata, na hutaachia mpaka uitwe marehemu. Anselmo aliyashika maneno hayo kwa miaka ishirini. Watu wakimuuliza kwa nini basi akasomea umeme, alikuwa akijibu kwamba kitu anachokiogopa ni afadhali ajue kilipo.

Mwaka sabini na tatu alikabidhiwa trela. Lilikuwa nyumba ndogo ya bati jeupe juu ya magurudumu mawili, lenye mlango mmoja, ngazi ya chuma ya vidaraja vitatu na bomba la chuma la kushikilia wakati wa kupanda. Huko Ulaya lilikotoka, watu hulivuta kwa motokaa kwenda nalo likizo, wakalala humo na kunywa chai. Hapa kwetu halikupata likizo. Lilitiwa mizani ya watoto, kitanda kimoja na friji ya chanjo, likaandikwa KLINIKI YA MAMA NA MTOTO kwa rangi nyekundu, likaanza kuzungushwa pembezoni mwa mji. Adelard, dereva, alilivuta kwa Land Rover na kuliegesha. Nesi Yuliana alichoma sindano. Anselmo aliliunganisha na umeme, na hiyo ndiyo sehemu iliyomnyima usingizi, maana kila kituo kilikuwa na umeme wa namna yake, na wa kuaminika ulikuwa mchache.

Jumanne moja ya mwezi wa tisa, trela lilifika Mtoni, mtaa aliokuwa akiishi Anselmo mwenyewe. Liliegeshwa uwanjani mbele ya duka la Mzee Thuwaini, mfanyabiashara mwenye asili ya Kiarabu, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa kusaidia. Duka lake lilikuwa na umeme, na alikubali bila masharti kebo itoke barazani kwake. Anselmo aliilaza kebo chini, akaifukia kwa mchanga ili kina mama wasijikwae. Kisha akagongomea nondo kando ya trela na kulifunga bati kwa waya kwenye nondo hiyo, ili umeme ukipotea njia uingie ardhini badala ya kuingia kwa watu. Alipomaliza, Adelard aliteremsha miguu ya chuma ya trela ili lisiyumbe. Anselmo alikuwa amekwenda barazani kuwasha swichi. Hakuuona mguu wa mbele ulipotua.

Baada ya kuwasha alilizunguka trela zima, akiligusa kwa mgongo wa mkono. Alikuwa na testa zamani, ile ya bisibisi yenye kitaa ndani, lakini iliungua mwezi wa tatu, na bohari walikuwa wakimjibu neno lile lile kila akienda: imeagizwa. Basi akabaki na mkono wake. Akagusa ubavuni, mlangoni, ngazini, kwenye bomba. Hakusikia kitu.

Mtoni wakati ule kulikuwa na surua. Watoto wawili walikuwa wamezikwa wiki moja, nyumba zenye kupakana. Na surua haikuwa ngeni kwa Anselmo. Mtoto wake wa kwanza, Fransis, alikufa kwa surua akiwa na miaka miwili. Miaka sita mkewe Sesilia alikaa bila mtoto mwingine, na watu wakaendelea kumwita Mama Fransis, na yeye akamwita mumewe Baba Fransis, jina la mtoto aliye kaburini likizunguka ndani ya chumba chao kutwa nzima. Kisha akazaliwa Anjelina. Sasa alikuwa ametimiza miezi tisa, umri wa kuchanjwa surua, na siku ya surua ilikuwa Alhamisi.

Kwa hiyo Anselmo alikuwa na hofu mbili zilizokabana. Umeme ukikatika, friji itapata joto na chanjo itakuwa maji matupu. Umeme ukiwapo, lile bati lote jeupe lingeweza, kwa kosa dogo tu, kuwa kitu kama kilichomuua Gregori.

Jumatano, saa nne hivi, Nesi Yuliana alitoka mlangoni akamwita.

"Fundi Anselmo, hebu njoo. Kina mama wananiambia trela linatekenya."

"Linatekenya vipi?"

"Waulize wenyewe."

Chini ya ngazi palikuwa na kandambili zimepangwa, jozi kwa jozi. Hakuna aliyewaagiza. Mwanamke wa Mtoni haingii kwa mtu na viatu, na ile kwao ilikuwa nyumba ya nesi. Yuliana alipendezwa na adabu yao, akaweka na beseni la maji hapo chini wasuuze mchanga miguuni, hivyo pale pa kupandia palikuwa pamelowa muda wote. Aliyesimama mbele ni Somoe, mama kijana mwenye mtoto wa kiume mgongoni.

"Linauma, fundi," alisema. "Ukishika hili bomba, ganzi inakupanda mpaka kwenye kiwiko. Jana ilikuwa kidogo. Leo imezidi."

 Anselmo akasogea mpaka kwenye ngazi, akanyoosha mgongo wa mkono, akagusa bomba. Kimya. Akagusa tena, akagusa na mlango. Kimya. Akaligusa mara ya tatu, akilizunguka lote, na kina mama wakimfuata kwa macho.

"Leo Fundi Woga kapata wenzake!" Adelard alipaza sauti kutoka kwenye Land Rover, na watu wakacheka.

Hapo Anselmo akafanya jambo alilokuja kulijutia. Miaka yote hiyo alikuwa akichekwa yeye. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, palikuwa na watu wa yeye kuwacheka. Utamu wa jambo hilo ukamzidi.

"Nyie mnaogopa bure," alisema. "Mwoga wa mji huu mzima ni mie, muulizeni huyo dereva. Na mie nimeligusa mara tatu mbele yenu."

 Somoe alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaenda zake nyuma ya foleni.

 Jioni Anselmo alimega ugali, akauweka tena. Ganzi kwenye kiwiko. Jana kidogo, leo imezidi. Mtu mmoja anaweza kusema uongo, lakini kina mama wa foleni nzima hawawezi kukubaliana kusema uongo kuhusu kiwiko.

"Kesho usije," alimwambia mkewe.

Sesilia alikuwa akimnyonyesha Anjelina. Akainua uso. "Kwa nini nisije?"

"Watu wanasema trela lina shoti."

"Na wewe unasemaje?"

"Nimeligusa. Halina."

"Baba Fransis, nyumba ya pili kutoka hapa wametandika jamvi la msiba. Niambie neno moja tu. Una hakika?"

Alikuwa akimtazama moja kwa moja. Anselmo akatamani kusema hapana. Lakini akamtazama mtoto, akaona usiku ule Fransis alipokuwa anachemka mwilini na macho yameziba kwa tongo, na hofu ya surua ikaishinda hofu ya umeme.

"Nina hakika," alisema.

"Basi nakuja," akasema Sesilia, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alhamisi Anselmo alifika kabla ya wote. Akawasha, akaligusa trela kwa mgongo wa mkono kila upande. Hakusikia kitu, na safari hii kule kutosikia kitu ndiko kulikomtisha. Saa mbili foleni ilikuwa imefika mpaka barabarani. Somoe alikuwa wa kwanza, maana mtoto wake alianza kukohoa usiku na hofu ya surua ilikuwa imeishinda hofu ya bomba. Wa pili alikuwa Sesilia. Anselmo alisimama hatua kama kumi hivi kutoka ngazini, kati ya trela na baraza ya duka.

Somoe alimfungua mtoto mgongoni, akampa Sesilia amshikie ili apande vizuri. Akavua kandambili. Akasuuza miguu kwenye beseni. Akashika bomba.

Hakupiga kelele.

Anselmo aliuona mdomo ukifunguka. Aliyaona macho, na mkono uliofumbata bomba. Alikuwa ameuona uso ule mara moja tu, miaka ishirini nyuma, na sasa hakucheka. Wengine wote kwenye foleni walikuwa bado wanazungumza. Sesilia pekee ndiye aliyeona kwamba mwenzake amekwama, na Sesilia, Anjelina mgongoni na mtoto wa Somoe mkono wa kushoto, viatu ameshavua, akanyoosha mkono wa kulia ili amvute.

"Usimguse!"

Anselmo alipiga kelele kwa Kimakonde. Mjini hakuwa akikisema mbele za watu, na hata siku ile hakujua kama amekisema. Kisha akafanya jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya. Moyo ulimtuma akimbilie kwa mkewe. Akili ikamwambia kwamba hatua kumi ni nyingi, na kwamba akifika naye atashika. Akawapa mgongo wote wanne, Somoe na mkewe na watoto wawili, akakimbilia barazani.

"Zima! Mzee Thuwaini, zima!"

Mzee Thuwaini alikuwa anakata mche wa sabuni. Hakuuliza. Alitupa kisu, akaipiga swichi kubwa chini kwa kiganja kizima.

Anselmo alibaki amesimama, uso umeelekea dukani. Hakuthubutu kugeuka. Nyuma yake palikuwa kimya, na ndani ya ukimya ule alikuwa ameshamzika Sesilia na Anjelina, ameshawapelekea habari wazazi wa mkewe kule Ndanda, ameshaulizwa alikuwa wapi. Kisha mtoto akalia. Hakujua ni wa nani. Akageuka.

Somoe alikuwa chini kwenye mchanga, anahema. Sesilia alikuwa amesimama vile vile, mkono bado hewani, shibiri moja kutoka mahali lilipokuwa bega la mwenzake. Anjelina alikuwa analia kwa sababu baba yake alipiga kelele.

Adelard alimpeleka Somoe hospitali kwa Land Rover. Kiganja kilikuwa kimeungua, lakini alikuwa anazungumza. Anselmo aliingia chini ya trela kwa tumbo, akafukua mchanga kwa mikono. Chini ya mguu wa mbele aliikuta kebo aliyoifukia mwenyewe. Mguu ulitua juu yake Jumanne, na kila mama aliyepanda alilitikisa trela kidogo, na kila lilipotikisika chuma kilikuwa kikiila ile ngozi ya kebo, siku ya kwanza kidogo, siku ya pili zaidi, mpaka shaba ikaonekana. Nondo aliyoitegemea aliing'oa kwa mkono mmoja. Ilikuwa imesimama kwenye mchanga mkavu kama unga, na mchanga mkavu haupokei umeme.

Walifanya kazi mpaka jua likazama. Adelard, ambaye hakufanya mzaha wowote siku hiyo, alikata kipande kilichoumia, na Anselmo akaunga upya. Kebo wakaitundika juu ya miti minne. Chini ya kila mguu wa trela wakaweka kipande cha ubao kutoka ghalani kwa Mzee Thuwaini. Nondo wakaipeleka mbali, nyuma ya duka, mahali panapomwagwa maji ya kufulia na ardhi haikauki, wakaigongomea mpaka ikabaki kichwa tu. Nesi Yuliana alizihamishia chanjo kwenye sanduku la barafu.

"Barafu hii inafika kesho mchana," alimwambia Anselmo. "Zikirudi kwenye friji asubuhi, na watoto wakija, sawa. Wasipokuja, Ijumaa jioni trela linaondoka hapa, na sijui litarudi lini."

Ijumaa asubuhi kina mama walikuja, lakini hawakuja kwenye trela. Walisimama ng'ambo ya barabara, watoto migongoni, wengi kuliko jana. Anselmo aliwasha. Yuliana akatoka mlangoni akawaita. Hakuna aliyevuka. Adelard akawaambia limetengenezwa, akawaonyesha kebo ilivyopita juu. Hakuna aliyevuka.

Sesilia alikuwa miongoni mwao. Anselmo alivuka barabara akamfuata.

"Mama Fransis, twende. Sasa limekuwa salama."

"Hata juzi uliniambia una hakika," alisema Sesilia kwa sauti ya chini, ili wenzake wasisikie. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira, Anselmo angejua la kujibu.

Ndipo Somoe akatokea, mkono umefungwa bandeji nyeupe, mtoto wake kabebwa na shangazi yake. Wenzake wakampisha. Alisimama mbele ya Anselmo, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama alivyomtazama Jumatano. Safari hii hakuondoka.

"Fundi, nikuulize. Mbona wewe siku zote unaligusa ukiwa na viatu?"

Anselmo akatazama miguu yake. Alikuwa amevaa makatambuga, yale yale ya kila siku, ya tairi la lori, unene wa vidole viwili. Mpira. Umeme haupiti kwenye mpira. Hilo alilijua kabla Somoe hajavunja ungo. Alikuwa akigusa kwa mgongo wa mkono kwa tahadhari kubwa, na chini amesimama juu ya mpira. Trela lingeweza kuwa na umeme wa kuua ng'ombe na yeye asisikie kitu. Na hawa aliowaita waoga walikuja kwa adabu zao, wakavua, wakanawa, wakaweka miguu mitupu kwenye maji. Aibu ilimshuka mwili mzima.

"Sikufikiri, mama," alisema. "Nisamehe. Kosa ni langu."

"Haya," Somoe alisema. "Sasa fikiri."

Anselmo alivuka barabara peke yake. Alipofika mbele ya ngazi aliinama akavua makatambuga, akayaweka pale kandambili zilipokuwa zikiwekwa. Mchanga ulikuwa wa baridi. Akaingiza miguu kwenye beseni, mmoja, kisha wa pili, akasimama kwenye tope. Alijua kebo iko juu. Alijua nondo iko kwenye ardhi mbichi, mbao ziko chini ya miguu. Lakini na jana asubuhi alikuwa na mambo aliyoyajua. 

Akanyoosha mkono, mgongo mbele, akaligusa bomba. Kimya.

"Sie hatushiki hivyo," ilisema sauti ya Somoe kutoka ng'ambo.

Ni kweli, hawakushika hivyo. Mtu mwenye mtoto mgongoni hushika bomba kwa kiganja kizima, kwa nguvu, asianguke. Anselmo aliugeuza mkono. Kwa miaka ishirini hakuwa ameshika chuma kilichounganishwa na umeme kwa kiganja. Alimwona Gregori waziwazi, mdomo wazi, macho yanamtazama.  Barazani Mzee Thuwaini alikuwa amesimama, mkono juu ya swichi, midomo ikimchezacheza kwa dua.

Akafumba vidole, akashika.

Bomba lilikuwa chuma tu, lenye umande wa asubuhi. Hakuachia. Alipanda daraja la kwanza, la pili, la tatu, akakaa mlangoni kitambo watu wote wamwone, akateremka akiwa bado ameshika. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Alipoinua macho, Sesilia alikuwa amevuka barabara. Alivua kandambili zake, akazipanga kando ya makatambuga ya mumewe. Akasuuza miguu, akamweka Anjelina vizuri mgongoni.

"Nishikie mkono, Baba Fransis," alisema.

Akashika bomba kwa mkono mmoja na mumewe kwa mwingine, akapanda.